Masika Aliyonyamaza Nasipwondi

Jumapili, 6 Aprili

Leo nimegawana kilo ya nyama ya mbuzi na gari. Naandika mapema kabla hasira haijapoa.

Nilitoka kanisani na njaa yangu, sikutaka kurudi Bondeni kupika chakula cha mtu mmoja. Tangu mume wangu Morgan afariki nimechoka kupima mchele kwa kikombe. Mvua ikanikuta Mbaraki, hatua chache kutoka ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini. Nikaona paa la mabati na moshi, nikaingia bila kuuliza. Kumbe ni baa. Ukutani imeandikwa *Kwa Awiti* kwa rangi nyekundu. Wanabendi walikuwa wakifunga nyaya zao, na ingawa ilikuwa alasiri tu, meza karibu zote zilikuwa na watu.

Nikaagiza robo kilo ya mbuzi. Mwenye baa alinijia mwenyewe, mwanamke mkubwa wa mwili, miwani inaning'inia kifuani.

"Robo hatuchomi, dada. Robo ikikaa motoni hukauka ikawa soli ya kiatu. Hapa twaanzia kilo."

"Na mtu aliye peke yake?"

"Twamtafutia mwenzake. Wewe n'takutia na mzee Tayebali."

"Yuko wapi huyo mzee?"

Akanyoosha kidole nje ya lango. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa ukuta, kioo kimeshushwa nusu, na ndani mzee wa Kibohora, Mwislamu wa asili ya Kihindi, kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu kichwani, anatazama mbele kama anayesubiri foleni isogee.

"Haingii kwa ajili ya pombe," Awiti akasema. "Lakini muziki aupenda. Kila Jumapili yuko pale."

Nilimwambia kwamba katika umri wangu sijapata kula na gari. Akacheka, akaenda zake, na kilo ikawekwa motoni. Ilipoiva, mchoma nyama, Karisa, aliikata mbele yangu juu ya ubao, nusu akaiacha, nusu akaifunika kwa karatasi ya fedha ikapelekwa nje. Karisa ni Mgiriama na ni Mwislamu. Mbuzi huchinja yeye, kwa hiyo kila mtu hapa hula, wa dini hii na ile. Nyama yenyewe ilikuwa na chumvi na ndimu basi. Nilitafuta kosa nisilione, na mimi si mtu wa kukosa kosa.

Kuna pia msichana anayeimba. Habari zake siku nyingine, mkono umechoka.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana. Fundi alisema amemaliza.

Jumapili, 13 Aprili

Nimerudi. Nilijiambia naenda kwa ajili ya mbavu.

Huyo msichana anaitwa Nasipwondi. Ametokea Kitale, alikuja Mombasa kufanya kazi ya hoteli, na sasa Kiswahili chake kina pwani kuliko changu mimi niliyezaliwa Kaloleni. Ni mwembamba, na kabla ya kuimba huvua viatu akavipanga vizuri kando ya spika, kama anayeingia nyumbani kwa watu. Halafu hufungua mdomo.

Nimeimba kwaya tangu utoto. Najua sauti ya kufundishwa na najua sauti ya kubahatisha. Hii siyo mojawapo. Inaanza juu, mahali ambapo wengine humalizia, na inakaa huko bila jasho. Kavumbi, mpiga gitaa na mkuu wa bendi, humfuata nyuma kwa adabu, asije akamkanyaga.

Wimbo wao mkubwa ni wa mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali. Yeye huimba, "Nipokee mzigo, nimefika mlangoni," na baa nzima hujibu, "Leta, leta!" Hakuna aliyenifundisha. Meza ya jirani, wauguzi watatu na karani mmoja wa bandari, waliniangalia tu kwa jicho la *mbona hujibu?* Nikajibu. Nilijisikia kituko mara ya kwanza. Mara ya tatu nilikuwa nimeshasimama.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Mwenyekiti wa akina mama kanisani ameniuliza kama ni kweli nimeonekana baa. Nikamwambia ni kweli, na mbavu zao ni laini. Hakuuliza tena.

Jumapili, 27 Aprili

Mhudumu alikuwa amezidiwa, nikachukua sahani ya mwenzangu nikampelekea mwenyewe. Nilitaka pia kumwona huyo anayekula nusu yangu.

"Masalkheri, mzee."

"Masalkheri, bibi. Wewe ndiwe mwenye nusu yangu?"

"Nusu yako? Wewe ndiwe mwenye nusu yangu."

Akacheka mpaka kofia ikasogea. Anakaa Kizingo, ana duka la vifaa vya ujenzi mjini ambalo sasa liko mikononi mwa mwanawe. Nikamuuliza kama nyumbani wajua alipo.

"Mke wangu Shirinbai ajua natoka kupunga upepo. Na upepo naupunga. Si wauona?"

"Na muziki, mzee?"

"Ndani siingii, bibi. Kusikia nikiwa njiani, hakuna aliyenikataza." Akamega kipande cha nyama. "Sijauliza pia."

Ndani Nasipwondi alikuwa amepanda ile sehemu yake ya juu. Mzee aliacha kutafuna. Alinyanyua kidole, nikanyamaza, tukasikiliza pamoja, yeye ndani ya gari na mimi nje na mwavuli. Ilipokwisha alisema, "Mtoto huyu akifika pale, mimi kifua huniuma kwa raha." Nilimdhania mzee bahili wa kukaa nje ili asinunue soda. Nilimkosea.

Jumapili, 4 Mei

Sijui nianzie wapi.

Mvua ya leo haikuwa ya mchezo. Ilianza bendi ilipoanza, kana kwamba walipatana, na juu ya mabati ilipiga kelele hata mtu na jirani yake walikuwa wakizungumza kwa mikono. Maji yaliingia kwa lango. Wateja walipandisha miguu kwenye viti wakaendelea kula. Hakuna aliyeondoka, na hilo naliandika kwa fahari ingawa ni la kipumbavu.

Halafu stima ikapotea. Jenereta imewekwa nyuma ya jiko, chini, na chini ndiko maji yalikokwenda. Karisa alijaribu kuiwasha, ikakohoa mara moja ikanyamaza. Spika zote zikafa. Kavumbi akashusha gitaa lake la umeme, akainua mabega.

Watu wangekwenda zao na siku ingeishia hapo. Ila Nasipwondi alichukua kiti cha plastiki, akakiweka katikati ya meza, akapanda juu yake miguu mitupu, akaimba bila kitu. Sauti yake na mvua, basi. Aliifanya mvua iwe ngoma yake. Mabati yalikuwa yakiunguruma na yeye alipita juu yake, na sisi tukajibu "Leta, leta!" kwa nguvu zetu zote. Wahudumu waliacha trei. Awiti alisimama mlangoni mwa stoo, analia wazi bila kujificha. Nimeishi miaka mingi na nimesikia waimbaji. Sijasikia mtu akiimba hivyo, na pengine sitasikia.

Alipomaliza alikuwa akihema. Alishuka kitini. Na sisi tukafanya nini? Tukapiga kelele, "Tena! Tena!" Akapanda. Akaimba wa pili. Akashuka, ameshika koo kwa vidole viwili, hivi, kama anayepima joto la mtoto. Nilimwona. Nilikuwa karibu kuliko wote na nilimwona. Nami nikapaza sauti pamoja na wengine, "Tena!"

Akaimba wa tatu.

Nilipotoka, mzee Tayebali alikuwa ameshusha kioo chote, bega na mkono vimelowa chapa.

Jumapili, 11 Mei

Nasipwondi ameimba kwa mkwaruzo kidogo. Kasema ni mafua. Anakunywa tangawizi ya moto katikati ya nyimbo. Wote tulisema itapita.

Jumanne, 13 Mei

Fundi wa paa hakuja.

Jumapili, 18 Mei

Haikupita. Ilikuwa kwenye "Nipokee mzigo", pale pa juu. Mdomo ulikuwa wazi na hakukutoka kitu. Haikuwa sauti mbaya wala kupasuka. Hakukuwa na kitu. Kavumbi alidhani ni kipaza sauti akakipiga kwa kidole, na ile *po, po* ikatoka vizuri kabisa kwenye spika. Ndipo tukajua.

Alichukua viatu vyake, akavaa polepole akifunga kamba moja baada ya nyingine, akatoka kwa mlango wa jikoni. Hakuna aliyesema, "Tena!"

Alhamisi, 22 Mei

Nilipita kwa Awiti baada ya kazi. Amempeleka Nasipwondi kwa daktari wa koo. Nyuzi za sauti zimeota vinundu, na mmojawapo ulikuwa umevuja damu. Amejiumiza kwa kulazimisha, daktari kasema, na alimuuliza ni nani aliyemlazimisha. Mwezi mzima asiseme neno, hata la kunong'ona. Kunong'ona ni kubaya zaidi. Vikipungua, ataimba. Visipopungua ni kupasuliwa, na baada ya hapo hakuna anayeweza kumwahidi kitu.

"Sisi ndio tuliomlazimisha," nikasema.

"Mimi ndimi niliyefaa kuwanyamazisha," akasema Awiti. "Baa yangu. Nilikuwa nalia kwa utamu, sikuona."

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Naogopa, na nashangaa kwamba naogopa hivi kwa ajili ya mtoto wa watu ambaye sijawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu.

Jumapili, 25 Mei

Nilimkuta kwenye meza yangu. Awiti aliamua: kilo sasa ni ya watu watatu, mimi, gari na Nasipwondi. "Yuko peke yake, nawe uko peke yako," akasema. "Kanuni ni kanuni."

Sasa, mimi ni mtu wa maneno. Nilikaa na mtu asiyeweza kunijibu nikajikuta nasema kwa ajili ya wawili. Nikamweleza paa langu. Nikamweleza fundi. Nikamlalamikia kachumbari, kwamba vitunguu havikuoshwa kwa chumvi. Yeye akachukua bakuli, akaonja, akafikiri, akatikisa kichwa: si kweli. Nikaonja tena. Si kweli.

Bendi ilipoanza bila yeye nilidhani ataondoka. Alikaa. Alisikiliza kwa mwili wote, na Kavumbi alipokosea mahali alitabasamu kidogo sana, na Kavumbi, kutoka jukwaani, aliona akarekebisha. Nilikuwa nikidhani yeye ni sauti tu, kipaji cha kuzaliwa nacho. Leo nimeona kwamba ndiye aliyekuwa akiiongoza bendi nzima mbele ya macho yetu, na hatukujua.

Jumapili, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka, baa imefurika. Na kila mteja amekuja na dawa.

Wauguzi wameleta chumvi ya kusukutua na ratiba. Karani wa bandari kaleta asali ya Kitui, anaapa haikuchanganywa na sukari. Dereva mmoja wa trela kaleta mzizi alioupata Mariakani, hajui jina lake ila anajua kazi yake. Kuna aliyeleta habasoda, kuna aliyeleta mafuta ya nazi ya kukamua kwa mkono, kuna mama kaja na yai bichi ndani ya kikombe akasimama kusubiri linywewe. Meza ilijaa hata ubao wa nyama ukakosa pa kukaa. Nasipwondi alimshukuru kila mmoja kwa kuweka mkono kifuani na kuinama, na kila mmoja alirudi kwenye kiti chake kana kwamba amepewa zawadi yeye.

Halafu nikaitwa nje. Mzee Tayebali alikuwa na chupa ya chai ya maziwa yenye manjano na pilipili manga.

"Ya Shirinbai," akasema.

"Umemwambia ni ya nani?"

"Nimemwambia ni ya mgonjwa wa Mbaraki. Akaniuliza mgonjwa mwanamume ama mwanamke. Nikamwambia sijapata kumwona uso." Akanitazama kwa huzuni kidogo. "Na ni kweli, bibi. Mwaka wa pili huu. Namjua kwa kumsikia tu."

Daktari, ni lazima niandike, alisema asitie kitu kooni ila maji. Zile dawa zote Awiti amezipanga stoo juu ya rafu, na hatazitupa.

Jumapili, 8 Juni

Awiti ameleta mwimbaji wa kushikilia nafasi, binti wa Likoni. Anaimba vizuri. Tulimpigia makofi ya kanisani, yale ya vidole. Aliimba "Nipokee mzigo", na ulipofika wakati wa kujibu meza nyingi zilikaa kimya kama zilizosusa. Binti alitazama chini.

Nasipwondi aliweka kisu, akasimama, akainua mikono yote miwili mbele ya baa nzima na kutuonyesha kwa midomo, bila sauti: *leta, leta*. Alitukazia macho mpaka tukajibu. Mashavu yaliniwaka. Alikuwa akimtetea mtu aliyesimama mahali pake, wakati hajui kama atapata kusimama pale tena.

Nilimpenda sana leo. Sina neno jingine, na sitalitafuta.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua zinapungua. Jua lilitoka adhuhuri nikaanika magodoro.

Jumatano, 18 Juni

Awiti kanipigia simu ofisini. Vinundu vimepungua, havijaisha. Daktari amemruhusu kusema, na kuimba kidogo, wimbo mmoja, chini, bila kulazimisha. Ila amemwambia wazi: ile sehemu ya juu asiitarajie. Huenda ikarudi baada ya mwaka, huenda isirudi.

"Yuasemaje mwenyewe?" nikauliza.

"Kasema Jumapili. Hajasema kitu kingine."

Niliomba ruhusa nikatoka nje kusimama kidogo.

Jumapili, 22 Juni

Nilifika mapema nikakuta sikuwa wa kwanza. Watu walikuwa wamevaa nguo za sikukuu. Hata gari la mzee Tayebali lilikuwa limeoshwa. Nilimpelekea salamu kabla ya nyama, akaniambia Muharram inaingia wiki hii, kwao ni siku za maombolezo, hatakuja kitambo. "Leo ama basi, bibi."

Nasipwondi alitokea jikoni na gauni la bluu. Akavua viatu, akavipanga. Kavumbi alikuwa ameushusha wimbo, nilisikia tangu gitaa lilipoanza kwamba umekaa chini kuliko kawaida. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Na sisi tukamharibia.

Hatukukusudia. Hakukuwa na mpango, hakuna aliyesema tufanye hivi. Ila kila mmoja wetu mwezi mzima alikuwa amejiwekea moyoni kwamba siku akirudi hatumwachi atese koo lake, tutambebea. Basi alipofungua mdomo tu, baa nzima ikaimba. Si majibu peke yake. Wimbo wote, mstari kwa mstari, wauguzi, karani, madereva, wahudumu na trei zao, mimi na sauti yangu ya kwaya juu ya wote. Tuliimba kwa mapenzi hata mabati yalitetemeka. Tulikuwa tukilia na kuimba. Nilimtazama kwa furaha, nikaona midomo yake inatembea na sisikii kitu.

Nikaacha kuimba. Wengine hawakuacha. Nilimwona akijaribu kupita juu yetu, mshipa wa shingo umesimama, vilevile kama siku ya mvua. Nikaita, "Jamani, nyamazeni!" na nani atanisikia? Walidhani nashangilia.

Yeye ndiye aliyeinua mkono. Kavumbi akakata gitaa papo hapo. Sauti zetu zikaenda hatua mbili tatu peke yake, kisha zikaanguka moja moja, ya mwisho ikiwa ya dereva wa trela aliyekuwa amefumba macho.

Nasipwondi alisogeza kipaza sauti. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema tangu Mei. Ilikuwa sauti nene, ya ndani, yenye vumbi.

"Nawashukuru," akasema. "Wallahi nawashukuru. Lakini mwaniimbia mimi, nami nimekuja kuwaimbia nyinyi. Nipeni nafasi."

Awiti alikwenda akachomoa waya wa friji la vinywaji, ule mngurumo ambao huwa hatuusikii ukakoma. Kule jikoni mafuta yalikuwa yakidondokea makaa, *chii, chii*. Karisa alisikiliza mara moja. Kisha akachukua koleo akaanza kuondoa nyama motoni, kipande kimoja kimoja, mbavu, mapaja, kilo za watu ambazo hazijaiva, akazipanga kwenye beseni mpaka wavu ukabaki mtupu. Baa ya Jumapili, watu na njaa zao, na hakuna aliyeguna.

Akaanza upya.

Ilikuwa chini. Haikupanda hata mara moja. Pale alipokuwa akiruka zamani, sasa alishuka, akapita mahali ambapo sikujua wimbo ule una mahali, na ilikwaruza, na hakuuficha mkwaruzo. Zamani nilikuwa nikimsikiliza mtu asiyechoka. Huyu alikuwa amebeba huo mzigo kweli na amefika nao mlangoni akihema. Aliimba "nipokee", akangoja. Tulijibu kwa pumzi tu, "leta, leta," kama mtu anavyomjibu mgonjwa.

Nilihisi kitu langoni nikageuka. Mzee Tayebali alikuwa ameshuka garini. Ukuta ulikuwa umemzibia sauti ndogo ile, hakusikia kitu, akaja kuona kuna nini. Viatu vyake vilisimama nje kabisa ya kizingiti, safi, mwili wote umeinamia ndani, mkono nyuma ya sikio. Alikuwa akimtazama usoni.

Wimbo ulipokwisha hatukupiga makofi. Tuliogopa. Mwishowe yule binti wa Likoni aliyekuwa amemshikia nafasi akaanza peke yake, taratibu, nasi tukamfuata, na hatukuacha mpaka Karisa aliporudisha nyama motoni. Hakuna aliyeomba wa pili.

Alivaa viatu, akaja mezani, akaketi karibu yangu.

"Mama Naomi," akasema, "wewe husemi uongo. Imetoka?"

Baa nzima ingemwambia imetoka vilevile kama zamani. Nilitamani kumwambia hivyo.

"Ile ya zamani haikutoka, mwanangu," nikamwambia. "Imetoka nyingine."

"Mbaya?"

"Mimi wanijua, nimelalamikia hata kachumbari yenu. Kuhusu hii sina la kulalamika. Ningeisikiliza hii mpaka nife."

Alinitazama kuona kama namhurumia. Nadhani aliona simhurumii. Akaniambia kwamba mwezi huu wote, pamoja na kusema, alikatazwa hata kulia kwa sauti, kwamba kilio huumiza nyuzi kuliko wimbo, kwa hiyo usiku alikuwa akilia mdomo wazi, kimya, mto usoni.

Nikamwambia basi sasa ameruhusiwa. Akaweka kichwa begani mwangu akalia, kwa sauti nzito, ya chini, iliyokwaruza, na watu wa meza zote waliacha kula wakamsikiliza.